Ufito wa mjomba na samaki mwenye hasira

Swali la juma hili limetoka kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi na mamake mtaani Kizingo, hatua chache tu kutoka barabara ya Mama Ngina. Mjomba wake, ambaye siku hizi ni mkazi wa Seattle, Marekani, alikuja nyumbani likizoni na wakati wa kuondoka akamwachia zawadi ya ajabu: ufito mrefu mwembamba unaogawanyika vipande vinne, rili, mshipi mnene wa rangi ya manjano, na kijisanduku kilichojaa vijidude vya manyoya vyekundu, vyeusi na vya zambarau. Akamweleza kwamba huko kwao vifaa hivyo ndivyo vya kuvulia samoni na stilihedi mitoni. Kisha akapanda ndege akaenda zake.

Sasa kijana anauliza: akiushika ufito huu pale Lighthouse, atapata samaki au atachekwa? Na mamake naye ana lake. Kwa nini usiuzwe, zikapatikana fedha za karo?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Atachekwa, na samaki atapata, mradi aelewe kitu alichokishika mkononi. La mama linataka maelezo marefu zaidi, nasi tutalifikia.

Wewe uliyezaliwa kisiwani unaujua uvuvi wa mshipi. Unafunga ndoana, unatia chambo, juu yake unaweka chubwi la risasi, unazungusha mara mbili tatu kisha unaachia. Chubwi ndilo linalokwenda, na mshipi hulifuata kama mkia. Uvuvi wa nzi wa bandia umegeuza mambo hayo juu chini. Hapa ndoana imevishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au samaki mdogo, na uzito wake ni kama wa unyoya. Ukiirusha kwa mkono itaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe. Ndiyo maana ule mshipi wa manjano ni mnene kama kamba ya kiatu, umepakwa plastiki, na ncha yake imepunguzwa unene kidogo kidogo. Mshipi ndio unaorushwa, na nzi hufuata.

Mara ukilishika jambo hilo moja, mengine yote yanajieleza. Nambari iliyoandikwa kwenye ufito, karibu na mahali pa kushikia, si bei wala urefu. Ni uzito wa mshipi unaofaa ufito huo. Bila shaka ufito wa kijana wetu una nambari 7 au 8, maana hizo ndizo za stilihedi. Futi 30 za mwanzo za mshipi nambari 8 zina uzito wa takriban gramu 13 na nusu, na za mshipi nambari 5, unaotosha samaki wadogo wa mitoni, ni gramu 9 hivi. Ukitia mshipi mwepesi kwenye ufito mzito, ufito haupindi, na usipopinda hausukumi kitu. Ukitia mzito kwenye mwepesi, utapinda kama mnazi wakati wa kusi.

Mwisho wa mshipi mnene hufungwa uzi mwembamba wa nailoni wa futi 9 hivi ambao samaki hauoni kwa urahisi, na mwisho wa uzi huo ndipo anapofungwa nzi. Nyuma ya mshipi, ndani ya rili, kuna uzi wa akiba wa mita 100 au zaidi. Huo ni wa siku ya bahati, siku samaki akiamua kuondoka na kila kitu.

Sasa kurusha. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu mkono uliozoea chubwi unataka kutumia nguvu. Shika ufito kidole gumba kikiwa juu. Uinue taratibu, kisha kwa kasi inayoongezeka uurudishe nyuma na kuusimamisha ghafla mara tu unapopita bega. Ngoja. Mshipi unaruka nyuma yako na unahitaji muda wa kunyooka. Ukinyooka ndipo unauleta ufito mbele, kwa mtindo ule ule, na kuusimamisha tena ghafla. Mshipi utapita juu ya kichwa chako kwa mviringo mwembamba na kulala juu ya maji. Ukisikia mlio kama wa kiboko nyuma yako, ujue umeharakisha, na huenda nzi amekatika akabaki hewani. Nawashauri wanaoanza wafanye mazoezi kwenye nyasi, katika kiwanja cha shule kwa mfano, bila ndoana kabisa: wafunge kipande cha uzi wa sufu mahali pa nzi. Nusu saa kila jioni kwa majuma mawili inafaa kuliko siku nzima mara moja. Na miwani machoni, hata ya jua. Ndoana inayoruka haichagui.

Mbona basi watu wa huko wajitaabishe hivyo, na chubwi lipo? Kwa sababu ya samaki mwenyewe, na hapa inatupasa tumjue.

Stilihedi huzaliwa katika mito baridi inayoingia bahari ya Pasifiki, kutoka California hadi Alaska, na hata upande wa pili, Kamchatka katika Urusi. Huishi mtoni kwa mwaka mmoja hadi mitatu, kisha hushuka baharini akiwa mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Huko hula, akanenepa, akageuka rangi ya fedha. Baada ya mwaka au miaka michache huurudia mto aliozaliwa kwenda kutaga mayai. Samoni wa Pasifiki nao hufanya safari hiyo, lakini wao wakishataga hufa wote. Stilihedi aghalabu ana nafasi ya kurudi baharini na kuja tena mwaka mwingine, ingawa si wengi wanaofaulu.

Basi samaki huyu anapopanda mto, chakula si shughuli yake tena. Hali kwa njaa. Kwa nini basi anauma nzi? Wavuvi wamebishana juu ya jambo hilo miaka na miaka. Wako wasemao ni mazoea ya utotoni, alipokuwa akila wadudu mtoni. Wako wasemao ni udadisi tu. Wengi husema ni ghadhabu: kitu chekundu kinapita mbele ya pua yake mahali alipopumzika, naye anakikamata kukifukuza. Sisi wa pwani hatuna haja ya kubishana, kwani wazee walishasema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi.

Kwa kuwa samaki hatafuti chakula, kazi ya mvuvi ni kumpitishia nzi karibu mno, polepole, kwa namna ya kumuudhi. Mvuvi huingia mtoni maji yakimfika mapajani, amevaa suruali za mpira zinazofika kifuani na kufungwa mkanda kiunoni, ili akianguka maji yasijae ndani. Hutafuta mahali ambapo maji yanakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, si ya kasi sana wala si yaliyolala, palipo na mawe makubwa ya kujificha. Hurusha mshipi kuvuka mto, ukielekea kidogo chini. Mkondo ukianza kuubeba mshipi mbio, huuinua kwa ncha ya ufito na kuulaza tena upande wa juu ili nzi asiburuzwe. Nzi huogelea kwa upinde kutoka ng'ambo hadi upande alipo mvuvi, na akifika hapo huachwa aning'inie kidogo. Kisha mvuvi hupiga hatua moja au mbili kuelekea chini na kurudia. Kurusha, kungoja, hatua. Hivyo hivyo kutwa. Wenyewe hutania kwamba stilihedi mmoja hupatikana kwa kurusha mara elfu moja, na wanaorudi nyumbani mikono mitupu kwa siku tatu mfululizo hawashangazi mtu.

Mahali ambapo miti imesimama ukingoni nyuma ya mvuvi, mshipi hauwezi kurushwa nyuma. Hapo hutumika ufito wa kushika kwa mikono miwili, wa futi 12 hadi 14, na mtindo uliopewa jina la mto Spey wa Scotland: mshipi hauendi nyuma, bali hukunjwa juu ya maji pembeni mwa mvuvi kisha ukasukumwa mbele. Ni jambo la kupendeza kutazama, hata kama hakuna samaki.

Na akiuma je? Hapo kuna kosa wanalolifanya wageni wote, na nadhani mvuvi wa Mji wa Kale hatalifanya. Mgeni akihisi mguso hurusha ufito juu, akamnyang'anya samaki ndoana mdomoni. Stilihedi anataka aachwe ageuke na nzi wake, na uzito wake mwenyewe umchome. Mtu aliyekaa usiku kwenye ngalawa na mshipi kidoleni anajua tofauti ya samaki anayeonja na samaki anayeondoka na chambo. Elimu hiyo haiuzwi dukani Seattle.

Kuna jambo ambalo mama wa kijana huyu hakulielewa hata kidogo, na nadhani ndilo lililomfanya auone ufito ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mjomba alimwonyesha picha. Amepiga magoti mtoni, amemshika samaki mkubwa wa fedha, huenda kilo nne. Mama akauliza mlimpikaje. Mjomba akajibu kwamba alimrudisha majini. Mama akanyamaza. Nyumbani kwa watu wa pwani, samaki ni kitoweo. Kumvua, kumpiga picha na kumwachilia ni kama kuchezea riziki.

Nami namwelewa mama. Lakini mjomba naye hakuwa na hiari. Stilihedi wa asili wamepungua vibaya. Tangu mwaka 1997 serikali ya Marekani imeyaweka makundi yao kadhaa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mito imezibwa na mabwawa, misitu ya kandokando imekatwa, maji yamepata joto. Ili watu waendelee kula samaki huyu, serikali huwatotoa katika vituo maalumu na kuwaachilia wakiwa wadogo, baada ya kuwakata kile kipezi kidogo cha mgongoni kilicho karibu na mkia. Mvuvi akimpata samaki asiye na kipezi hicho, huyo ni wa kituoni, na mahali pengi anaruhusiwa kumpeleka jikoni. Akikuta kipezi kipo, huyo ni wa asili, na karibu kila mto wa Washington sheria inamtaka amrudishe. Ndoana yenyewe inatakiwa iwe imebanwa kijino chake cha nyuma kwa koleo, ili itoke bila kupasua mdomo.

Yapo yanayotia moyo pia. Mabwawa manne ya mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, yalimalizika kubomolewa mwaka 2024, na mwaka uo huo samoni wakaonekana juu ya mahali yaliposimama, walikozuiwa kufika kwa miaka zaidi ya mia moja.

Labda unajiuliza, msomaji, haya ya Oregon yatufae nini sisi tunaotafuna mihogo ya ndimu na pilipili kando ya Kilindini. Yanatufaa, kwa sababu huyo stilihedi ana ndugu hapa Kenya. Na siyo ndugu wa mbali. Ni samaki yule yule.

Trauti wa upinde wa mvua, anayeuzwa katika hoteli za Nyeri na Nanyuki, ni wa jamii moja kabisa na stilihedi. Wanasayansi huwaita wote Oncorhynchus mykiss. Tofauti ni moja tu: mmoja alikwenda baharini, mwingine akabaki mtoni. Aliletwa Kenya kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Kabla yake alikuwa ameletwa trauti wa kahawia, mwaka 1905. Mayai yake yalitoka Loch Leven, Scotland, na mwenye kuyaleta alikuwa Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, ambaye baadaye alijenga gati pale Mbaraki, jirani na Kizingo. Mayai yalipita katika bandari yetu hii ya Mombasa, yakapelekwa bara, na mwisho wa safari yakabebwa na wapagazi hadi mto Gura katika milima ya Aberdare. Tazama wapagazi wanapanda mlima wakiwa wamebeba samaki ambao bado hawajazaliwa! Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha serikali cha kutotolea trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, na vizazi vyao viko hadi leo katika Gura, Chania, Sagana, Thego, Ragati, Burguret, Naro Moru na mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya.

Maji ya Gura na Sagana huishia Tana, na Tana huingia baharini kule Kipini. Kwa hiyo njia ya kwenda baharini ipo kwenye ramani. Kwa nini basi trauti wetu hashuki akawa stilihedi wa Kipini? Joto. Maji yakizidi nyuzi 20 trauti huanza kutaabika, na yakikaribia 25 hufa. Angekufa muda mrefu kabla ya kuuona mnazi wa kwanza. Na hata angevumilia, angekutana na mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Msafiri wa kweli wa mto huo ni mkunga wa maji baridi, ambaye safari yake ni kinyume cha ya samoni: huzaliwa baharini, akakulia mtoni, kisha akarudi baharini kutaga. Huyo ndiye aliyezibiwa njia na mabwawa yetu, na sijasikia mtu akimpigia picha.

Nayasema haya ili mwanafunzi wetu asidhani lazima aombe viza ili amwone samaki wa mjomba. Anahitaji tikiti ya gari moshi hadi Nairobi na ya matatu hadi Nyeri. Lakini ufito wake wa nambari 8 aache nyumbani. Mito ile ni myembamba, vichaka vimeifunika, na trauti wa robo kilo hapo ni samaki wa kujivunia. Huko panatakiwa ufito wa futi 8 hivi, nambari 4 au 5. Huendi kwa mtindo wa kuvuka mto na kupiga hatua chini, bali unapanda kutoka chini kwenda juu, umeinama, hata kwa magoti, kwa kuwa trauti hutazama juu alikotoka mkondo na hakuoni unapomjia kwa nyuma. Unarusha mita tano au sita tu, mshipi wenyewe haugusi maji sana. Nzi mmoja mweusi mwenye manyoya mengi, anayeitwa Kenya Bug, alibuniwa kwa ajili ya mito hii na hadi leo anafanya kazi. Pata kibali kwanza, na kama ni ndani ya hifadhi ya taifa ya Aberdare usiende bila askari wa wanyamapori, maana nyati na ndovu hawajui kwamba umekuja kwa ajili ya samaki tu. Huko trauti ni mgeni aliyeletwa na mkono wa mtu, hivyo ukiruhusiwa kumla mle bila wasiwasi. Mkaange na siagi na ndimu. Mama ataelewa.

Turudi sasa Kizingo na swali la kuchekwa. Ufito nambari 8 ni sawa kabisa kwa baharini, na rili ikiwa ni ya kuzuia kutu, bora zaidi. Ikiwa si ya namna hiyo, na nyingi za mitoni si za namna hiyo, kila ukirudi uioshe kwa maji baridi ya bomba, pamoja na ufito na mshipi. Chumvi itaila kwa mwezi mmoja. Wale nzi wa zambarau na wekundu uwaweke. Samaki wa hapa wana njaa, hawana hasira. Wanataka kitu cheupe chenye kung'aa kama dagaa, kinachozama haraka. Kutengeneza si kazi ya ajabu. Ndoana ya chuma kisichoshika kutu, uzi, manyoya meupe ya jogoo kutoka Marikiti, kipande cha karatasi ya kung'aa. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo, uzi ukazungushwa, unyoya ukafungwa.

Kwa kweli hapo pana ajira, na wengi hawajui. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi wengi wa kuvulia wanaouzwa Uingereza, Ulaya na Marekani. Karakana ziko Nairobi na kwingineko, wafanyakazi wengi ni akina mama, na aghalabu malipo hutegemea idadi ya dazani ulizofunga. Si ajabu baadhi ya wale nzi katika kijisanduku cha mjomba walifungwa Nairobi na mama ambaye hajamwona stilihedi, wakavuka bahari kwenda Seattle, na sasa wamerudi Kizingo kama zawadi kutoka ng'ambo. Tazama vizuri maandishi ya pakiti, kama mjomba hakuitupa.

Kuhusu mahali, majabali ya pale Lighthouse ni ya matumbawe, makali kama kisu, na mshipi wa manjano ukilala juu yake utachanika. Dawa yake ni beseni la plastiki lenye vitundu chini, lifungwe kiunoni kwa mkanda, mshipi uangukie humo unapouvuta. Hapo ndipo atakapochekwa, nakuhakikishia: kijana wa chuo, amefunga beseni tumboni, anapiga hewa kwa fimbo. Avumilie. Akipata kolekole mmoja, au mzia mchanga, kicheko kitakwisha na maswali yataanza.

Asiende Jumapili jioni. Tangu Mama Ngina ifanyiwe ukarabati mkubwa na kutumika kwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019, familia hujaa pale na watoto wanakimbia kila upande, na ndoana inayorudi nyuma kwa kasi mita kumi si kitu cha kurusha penye watoto. Aende alfajiri siku ya kazi, maji yakiwa yanajaa au yanakupwa. Yakisimama, samaki nao husimama. Siku za bamvua aepuke majabali ya chini kabisa, kwa kuwa mkondo wa mlango wa Kilindini una nguvu na wimbi moja la meli linatosha. Asiende peke yake. Miezi ya kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, upepo utamrudishia nzi usoni. Wakati huo ahamie hori la Tudor, palipojikinga, asubuhi kabla upepo haujaamka. Kaskazi ndiyo majira yake.

Sasa mama. Ni kweli kwamba ufito mzuri wa aina hii, ukiwa mpya, huuzwa Marekani kwa dola mia kadhaa. Lakini Mombasa utauuzia nani? Fundi wa baiskeli atakupa bei ya fimbo. Wanunuzi wa kweli ni wavuvi wa michezo wa Watamu, Malindi na Shimoni, ambako wageni huja kuvua mbasi na nduwaro katika bahari kuu, wengine kwa nzi, na hao hawaji kabla ya msimu wa kaskazi. Kwa hiyo hata kama nia ni kuuza, kuuza kabla ya Novemba ni kutupa mali. Ushauri wangu kwa mama ni kwamba amwachie kijana hadi wakati huo, kwa sharti la kuosha na kutunza kila kipande, na mikwaruzo isiwepo. Ikifika Novemba na karo bado inadaiwa, auze rili na ufito kwa wanaojua thamani yake, lakini kile kijisanduku cha nzi abaki nacho. Akiwafungua wawili watatu kwa subira, nyuzi moja baada ya nyingine, atajua walivyofungwa, na jiliwa dogo la kuanzia halishindi pato la mwanafunzi.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutamjibu msomaji wa Majengo anayeuliza jinsi ya kufuga kuku wa kienyeji katika uwanja mdogo wa nyumba ya kupanga bila kugombana na majirani. Kijana wa Kizingo anaweza kulisoma hilo pia. Atahitaji manyoya.